Mkwaruzo wa Kisahani cha Nne

Ungemuuliza mama mkwe kazi ya mke wa mwanawe, angekujibu bila kupepesa macho: "Ni yaya wa ubongo." Kisha angecheka mpaka mtandio umwanguke begani.

Wala hakuwa amekosea sana. Kila asubuhi mke wa mwanawe alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili ya jengo la maabara, akavaa koti jeupe na glavu, akajinyunyizia spiriti mikononi, akafungua kabati la joto. Humo ndani, kwenye nyuzi thelathini na saba, joto la mwili kamili, vilipangwa visahani vya plastiki visivyozidi mdomo wa kikombe cha chai. Kila kisahani kilikuwa na maji ya chakula yenye rangi ya waridi, na chini ya maji hayo ziliishi seli zilizotolewa kwenye ubongo wa panya. Si zile seli za neva ambazo kila kitabu kinazisifu. Hizi zilikuwa seli za usaidizi, zenye umbo la nyota, zinazozizunguka zile za neva, kuzilisha, kuzifagilia uchafu na kukaa kimya. Watu wa zamani waliziita gundi, wakaishia hapo.

Yeye alizilisha hizo. Alikuwa msaidizi wa wasaidizi, na pale kazini kila mtu alimwita Mlishaji.

Maji ya kisahani yakianza kugeuka manjano alijua yamechoka. Aliyanyonya kwa bomba jembamba la kioo na kumimina mapya, polepole, ukingoni, kama mtu anayemmiminia mtoto maji kichwani bila kumwingizia machoni. Akiwa peke yake aliziambia, "Haya, kuleni, mchana ni mrefu." Na tangu juma la kwanza kulikuwa na swali lililomkaa kichwani kama wimbo wa redio: hawa wakimya, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, huambiana nini? Na huambianaje?

Hakumuuliza mtu. Mtu aliye kwenye majaribio ya kazi haulizi maswali makubwa, anaangalia mikono yake isitetemeke.

Majaribio yake yalikuwa ya miezi mitatu, na yalikuwa yanaisha Ijumaa. Kabla ya hapo alikuwa chini kabisa ya jengo hilohilo, akiosha chupa za maabara, huku jioni akisoma. Alisoma miaka miwili, na muhula wa mwisho alikaa upande upande kwa sababu tumbo lilisukuma meza mbele. Cheti alikipata mtoto akiwa na siku kumi na tisa. Sasa mtoto alikuwa na miezi saba, na mama yake alikuwa amekwisha kuharibu mara mbili: mwezi wa kwanza visahani sita viliota ukungu, mwezi wa pili aliuacha mlango wa kabati wazi kidogo, seli zikapigwa na baridi. Daktari, mwanamke mwenye maabara ile, hakupandisha sauti. Alisema tu, "La kwanza bahati mbaya. La pili uzembe. La tatu, mdogo wangu, tutaagana vizuri, utarudi chini kwenye chupa zako."

Upole ule ulimtisha kuliko makelele.

Basi siku ya Jumatano, saa tatu kasoro dakika kumi, alikuwa ameinamisha kisahani cha nne, ncha ya bomba imetulia ukingoni mahali pake, maji ya zamani yanapanda taratibu. Chini, kwenye njia ya kando ya jengo, mtoto wa mtu akalia. Si mtoto wake. Alijua si wake, wake alikuwa nyumbani na bibi yake. Lakini matiti hayakuuliza ni mtoto wa nani. Maziwa yakashuka yote kwa pamoja, ya moto, yakaloanisha blauzi chini ya koti, naye akashtuka. Ncha ya kioo ikateleza kutoka ukingoni ikapita katikati ya kisahani, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Alikiweka chini ya hadubini ndogo ya mezani. Lilikuwa zulia la seli lililokwanguliwa mfereji katikati, mweupe, mnyoofu, kana kwamba mtu amepitisha kidole kwenye vumbi.

"Ewe mkono," alinong'ona, "umeona kazi yako?"

Angekitupa. Kanuni ilisema kitu kikiharibika uandike kwenye daftari, kisha utupe. Aliishika kalamu, akaandika saa ya kulisha, kisha kalamu ikasimama. Siku mbili tu zilibaki. Akamimina maji mapya, akakifunika, akakisukuma nyuma kabisa ya kabati, nyuma ya wenzake watatu walio wazima.

*

Chumba cha hadubini kubwa kilikuwa cha giza, na aliyekitawala alikuwa Miwani. Jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa na miwani mitatu: mmoja puani, mmoja kichwani, wa tatu hajui ulipo. Kazi yake ilikuwa kugusa seli moja kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele na kurekodi kinachofuata. Seli zilikuwa zimenyweshwa rangi inayong'aa pale kalsiamu inapopanda ndani yake. Ukiigusa moja inawaka, sekunde kidogo baadaye jirani yake anawaka, kisha jirani wa jirani, mpaka mwanga unatambaa kwenye kisahani.

Daktari alikuwa na hakika na maelezo yake. Seli hizi zimegusana, na pale zinapogusana kuna vitundu. Habari hupita kwenye vitundu hivyo, mkono kwa mkono, kama mafundi wanaopokezana matofali. Wapo wengine kwenye maabara nyingine waliosema la, seli hutema kemikali nje na jirani huinusa. Daktari aliwasikiliza kwa adabu kisha akaendelea na matofali yake. Alikuwa ameyaandika kwa miaka kumi na moja.

Siku hiyo visahani vitatu vya kwanza viligoma. Rangi haikuingia vizuri.

"Hamna kingine?" Daktari aliuliza.

"Nimeona kimoja nyuma kabatini," Miwani akasema, "kimejificha kama mdaiwa." Akatoka kukileta kabla Mlishaji hajapata hata neno la kuziba njia.

Rangi ikaingia. Taa zikazimwa. Kwenye skrini kulikuwa na giza la kijani na vivuli vya seli, basi. Mfereji haukuonekana, maana rangi ilionyesha vilivyowaka tu, na mahali peusi ni peusi, liwe shimo au seli iliyolala. Mlishaji alisimama nyuma yao akiwa ameukunja mkoba wake kifuani kama ngao.

Miwani akagusa. Seli ikawaka, na majirani wakafuata. Mwanga ukatambaa ukafika mahali ukakoma, ukingo umenyooka kama uliokatwa kwa rula. Mlishaji akafumba macho.

"Ala!" Miwani akasema.

Akayafumbua. Upande wa pili, ng'ambo ya kile kipande cheusi, seli mbili zilikuwa zimewaka. Kisha tano. Kisha mwanga ukaendelea na safari yake kana kwamba haukukuta kitu njiani.

"Mashine imelewa," Miwani akasema. Akarudia, na mwanga ukaruka tena. Akawasha taa ya kawaida, mfereji ukajitokeza kwenye skrini, mweupe na mtupu.

Daktari alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Hapa hamna seli. Hamna wa kumpokea mwenzake tofali." Akaufuata mfereji kwa kidole. "Isipokuwa kama mfereji huu ni wa zamani. Ukiwa wa juzi, seli zimepata muda wa kunyoosha nyuzi nyembamba tusizoziona. Mikono itakuwa imevuka. Ukiwa wa leo..." Akageuka. "Nani anaujua mfereji huu?"

Miwani akanyanyua mabega. "Labda kisahani kimetoka kiwandani na kasoro."

Hapo palikuwa na mlango, umefunguliwa na mtu mwingine, wala Mlishaji hakuhitaji kusukuma. Angesema "labda" na yeye. Kisahani kingetupwa na Ijumaa ingepita. Lakini alikuwa ameuona mwanga ukiruka. Hakuna mtu mwingine chumbani aliyejua kwamba mfereji ule ulikuwa na umri wa saa tano tu, na kama angenyamaza, hakuna mtu ambaye angejua mwanga ule umevuka nini. Lile swali lake la juma la kwanza lilikuwa pale kwenye skrini, linajibiwa, na jibu lilimhitaji yeye.

"Ni wa leo," alisema. "Saa tatu kasoro dakika kumi. Ni mimi, Daktari. Bomba liliniteleza. Sikuandika, nikakificha."

Miwani akapata kazi ya ghafla ya kupangusa miwani.

"Una hakika na saa?"

"Saa ya kulisha niliiandika. Mkwaruzo ndio sikuuandika."

Daktari aliiandika saa ile pembeni ya karatasi. "Kuharibu ni jambo moja," alisema. "Kuficha ni jingine, na hilo ndilo baya zaidi. Nenda nyumbani. Kesho tutazungumza." Kisha, akiwa amekwisha kugeukia skrini, akaongeza kama anayejisemea, "Na bado sijui kama ni kweli. Saa tano pia zinaweza kutosha uzi mwembamba kuvuka."

*

Nyumbani alikuta vita. Mama mkwe alikuwa amesimama uani penye karo la kufulia, mtoto mgongoni, mikono kiunoni, anazigombeza nepi. Zote zilikuwa za rangi ya waridi.

"Usinitazame hivyo, mwanangu. Ni huu mtandio mpya. Muuzaji kaniapia hauchuji!"

"Umeufua pamoja na nepi, mama?"

"Pamoja? Mimi mtu mzima nifue pamoja? Mtandio nimeuweka kule, nepi huku. Hazikugusana hata ncha! Nilikaa hapahapa nikiziangalia."

"Lakini maji yalikuwa yale yale."

"Maji, maji! Maji yana mikono?"

Mlishaji alikuwa ameshanyoosha mikono kumpokea mtoto. Akasimama hivyo hivyo, mikono hewani, mtoto akipiga mateke ya kudai chakula chake.

"Hebu rudia, mama."

"Nimesema maji yana mikono? Kwani leo umekuwaje? Mtoto ana njaa, huyo."

Alimnyonyesha akiwa amekaa ukingoni mwa karo, macho yake kwenye ule mtandio mwekundu. Karo lilikuwa refu, la saruji, bomba upande mmoja na tundu la kutolea maji upande wa pili. Mtoto alipolala, akamlaza ndani, akarudi, akachomoa nepi mbili za akiba zilizokuwa bado nyeupe.

"Hizo mbili ndizo zimebaki!" mama mkwe akapiga kelele.

"Nitazisugua mwenyewe, mama. Niache kidogo nione."

Akauweka mtandio katikati ya karo. Nepi moja akaitandaza upande wa juu, penye bomba, na nyingine upande wa chini, penye tundu. Hakuna iliyougusa mtandio. Akafungua bomba, maji yakatiririka. Wakakaa wawili kwenye ukingo, mama mkwe akinung'unika kwamba shule za jioni zimeharibu watu. Rangi ikatoka kwenye mtandio kama moshi, ikafuata maji. Nepi ya chini ikaanza kupata haya. Nepi ya juu ikabaki nyeupe pe.

"Tazama," Mlishaji akasema, akimshika mkwewe kiwiko. "Kama rangi ingepita kwa kugusana, mkondo wa maji usingekuwa na neno. Lakini inapita majini, kwa hiyo inafuata mkondo. Wa chini anapata habari, wa juu hapati."

"Habari gani?"

"Ya mtandio, mama."

Mama mkwe alimtazama, akatazama nepi. "Haya, na hiyo ndiyo kazi yenu kule? Kuchuja nguo?"

Basi akamweleza yote, kuanzia bomba lililoteleza mpaka upole wa Daktari. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Umesema kweli mwenyewe, au umebanwa?"

"Mwenyewe. Baada ya kuficha."

"Mficha uchi hazai. Umechelewa kuzaa, lakini umezaa." Akalifunga bomba. "Kesho nenda kamwambie mambo ya nepi. Akikufukuza, akufukuze umeshayasema. Utaishi nayo tumboni mpaka lini?"

*

Alhamisi Daktari alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyelala na kitabu usoni. Alikuwa amemwekea Mlishaji kiti, na karatasi mezani. Mlishaji hakukaa.

"Daktari, kabla hujasema la kwako, naomba niseme moja. Tukitiririsha maji kwenye kisahani, toka kushoto kwenda kulia. Kama zinapokezana kwa mikono, mwanga utaenda pande zote sawa, maji hayatauzuia. Kama zinatema kitu, utafuata maji."

Daktari akaweka kalamu chini. "Umelitoa wapi hilo?"

"Kwenye nepi."

Kwenye kona Miwani alikohoa chai yake yote.

"Nepi," Daktari akarudia, bila kucheka. Kidole chake kikachora mstari mezani, kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia. Kisha akasimama ghafla hata kiti kikaanguka. "Miwani! Tafuta mipira miwili myembamba, mmoja wa kuingiza, mmoja wa kutoa. Na tunahitaji kisahani chenye mfereji."

Cha kwanza alikikwaruza Daktari mwenyewe. Aling'oa nusu ya zulia, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Cha pili pia. Miwani akajaribu cha tatu, bora tusikitaje. Daktari akampa Mlishaji bomba, huku akitazama dirishani. "Fanya kama ulivyofanya jana."

"Jana nilishtuka."

"Basi shtuka kwa uangalifu."

Mkono wake haukutetemeka. Mfereji ulitoka mnyoofu, wa upana ule ule.

Kwanza wakaacha maji yatulie. Miwani akagusa seli, mwanga ukaenea duara pande zote, ukavuka mfereji ukiwa umedhoofika. Kisha maji yakafunguliwa, kushoto kwenda kulia. Miwani akagusa tena. Upande wa kushoto, juu ya mkondo, ziliwaka seli chache tu za karibu zaidi, zikakoma. Upande wa kulia mwanga ulikimbia, ukavuka mfereji, ukaenda mbali kuliko walivyowahi kuona.

Daktari akageuza mipira kwa mikono yake, sasa maji yakatoka kulia kwenda kushoto. Miwani akagusa. Mwanga ukageuka nao.

"Tena," Daktari akasema.

Wakarudia mara tisa. Mara nane mwanga ulifuata maji. Mara moja haukuwaka popote, na Miwani akakiri kwamba sindano ilikuwa imevunjika, na miwani iliyokuwa puani mwake ilikuwa ya kusomea gazeti.

Daktari alivuta kiti akakaa. Mlishaji alisubiri kuona huzuni, kwa maana miaka kumi na moja si mchezo. Lakini uso wa Daktari ulikuwa wa mtoto aliyefunguliwa kabati la vyombo.

"Zile chache za upande wa juu," alisema, "hizo labda ni mikono. Sikukosea yote. Lakini hizi nyingine... zinatema kitu. Miaka yote hii nimekuwa nikiyamwaga maji hayo kwenye sinki."

"Naweza kuuliza?" Mlishaji akasema. Lilikuwa swali la kwanza kuulizwa naye kazini tangu aanze. "Tukichukua maji ya seli zilizoguswa, tukayadondoshea seli ambazo hazijaguswa, ambazo hazina habari kabisa?"

"Kesho," Daktari akasema. Ile karatasi iliyokuwa mezani akaikunja akaitia mfukoni.

*

Ijumaa Mlishaji alifanya mwenyewe. Miwani akagusa seli kwenye kisahani kimoja, moja baada ya nyingine. Mlishaji akanyonya maji yaliyokuwa juu yake, tone dogo, akalibeba kwa pumzi iliyobanwa mpaka kwenye kisahani kingine kilichotulia gizani. Kwanza walikuwa wamekidondoshea tone la maji yasiyo na historia, wakahakikisha si mdondoko wenyewe unaoziamsha, na kisahani kikakaa kimya. Sasa Daktari akamsukuma mbele ya skrini.

"Tazama wewe kwanza."

Alidondosha. Sekunde mbili za giza. Kisha palipoangukia tone seli zikawaka, moja, tatu, kumi, kana kwamba mtu amegonga milango ya mtaa mzima na wote wametoka na taa mkononi. Mlishaji alijikuta ameziba mdomo kwa kiganja cha glavu, kosa jingine hilo, spiriti ikamuwasha midomo.

"Zimesikia," alisema.

"Zimesikia nini?" Daktari akauliza. Haikuwa mtego, alitaka kujua. Akafungua daftari kubwa, lile la majaribio. "Nina watuhumiwa watatu. Mmoja ni ile kemikali ambayo seli huichoma ili ipate nguvu, inawezekana inaitema kidogo nje kama ujumbe. Kwa kila mmoja kuna dawa ya kumkatakata. Tukiweka dawa na mwanga ukakoma, tumemshika." Akamsogezea kalamu. "Lakini kwanza andika la Jumatano. Mkwaruzo, saa, sababu, na kwamba ulifichwa. Lote. Mwingine akisoma ajue lilianzaje."

Mlishaji aliandika. Ilimchukua mistari minne, na wa nne ulikuwa mgumu kuliko yote. Daktari akausoma, akatia saini chini yake.

"Kumshika mtuhumiwa wa kwanza nitahitaji visahani ishirini, vyote vina mfereji," alisema. "Jumatatu, saa mbili."

"Jumatatu?"

"Una udhuru Jumatatu?"

"Sina," Mlishaji akasema haraka. "Sina, Daktari."

"Ishirini, na viharibiwe kwa kulingana. Siku utakayoharibu kimoja kwa bahati mbaya, nataka nikijue kabla chai haijapoa."

"Mtu wa kwanza jengo hili kuajiriwa kwa kuharibu," Miwani akasema. "Mimi nimeharibu miaka yote hii, hakuna aliyenisifu."

Mlishaji alikuwa bado ameinama kwenye skrini, ambako seli zilikuwa zinafifia taratibu, moja moja. "Na zile za neva?" aliuliza. "Hizi zikitema kitu, zile za neva nazo zinakisikia? Au ni siri yao wenyewe?"

Daktari akaenda kwenye kabati la joto, akainama kutafuta rafu ya chini.

"Nadhani kuna kisahani kimoja chenye aina zote mbili," alisema, kichwa chake kikiwa ndani. "Njoo unishikie mlango. Usiuache wazi."